Shangazi Dokta Anajibu: Mitihani Mitatu, Mgongo Mmoja

Mwezi huu sanduku limejaa barua za wanafunzi wa udaktari, na wazazi wao pia, sijui mmeambiana. Kwa wageni wa safu hii, shangazi yenu ni mtoto wa Tanga, daktari wa familia huku Minnesota, na cheti changu kimeandikwa DO, yani daktari wa osteopathi, anayesomea udaktari wote na kutibu kwa mikono juu yake, wala siyo MD, daktari wa kawaida, nadhani ndo maana barua hizi zimenikuta mimi. Naanza na ile ndefu.

Shikamoo shangazi. Mi niko mwaka wa pili chuo cha DO hapa Missouri, nimekulia Arusha nikaja huku na wazazi nikiwa form two. Wiki mbili zijazo nina mitihani mitatu, uzazi jumatatu, neva alhamisi, alafu jumatatu inayofuata mtihani wa mikono wa osteopathi, ule mwalimu anakaa pembeni na karatasi yake we unamshika mgonjwa wa kuigiza. Nina madaftari matatu, kila moja na rangi yake, lakini nikisoma homoni neva zinatoka kichwani, nikirudi kwenye neva ile orodha ya pingili na viungo vya tumboni inafutika yote. Nalala saa nane usiku naamka kumi na moja. Nianze na lipi? Na ule uchawi wa T10 T11 una maana yoyote au nikariri tu yaishe? — Aliyevurugwa, Missouri

Marahaba mwanangu. La kuanza na lipi nitalijibu, ila hayo madaftari matatu ya rangi mi naona ndo yanayokuumiza. Chuo kimegawa masomo kwa sababu ya ratiba na walimu, mwili wa mtu haujagawanywa hivo. Mama akiwa kwenye uchungu kizazi kinabana, hilo daftari lako la kwanza, maumivu yanapita kwenye neva mpaka uti wa mgongo, hilo la pili, na we ukipitisha mkono mgongoni kwake unakuta misuli imekaza usawa ule ule neva zilipoingilia, la tatu hilo. Kitu kimoja unakisoma mara tatu kwa majina matatu alafu unashangaa kwa nini umechoka.

Mi nikiwa mwaka wako nilichukua karatasi ya kufungia zawadi, ile ya kuviringisha, nikaigeuza upande mweupe nikaibandika kwenye mlango wa friji kuanzia juu mpaka sakafuni. Nikachora uti wa mgongo, pingili 7 za shingo (herufi C), 12 za kifua (T), 5 za kiuno (L), alafu sakramu, mfupa wa chini ya kiuno (S). Wino mwekundu kwa mambo ya uzazi, bluu neva, kijani kitu ambacho mkono unafanya. Kila nikienda kuchukua maziwa ya chai nasimama nasoma pingili moja, mwanangu alikuwa na miaka minne akawa ananiuliza asubuhi, mama leo tunasoma mfupa gani.

Anza na hiyo T10 unayoiita uchawi. Ngozi ya kitovu inahudumiwa na T10. Ovari na korodani nazo maumivu yake yanaingilia T10 na T11, sasa jiulize, kiungo kiko chini huko nyongani, korodani ndo kabisa ziko nje, kwa nini simu yake inaita huko juu? Ni kwa sababu havikuanzia chini. Mtoto akiwa anaumbwa vilikuwa juu, jirani na figo, vikateremka vikiburuta mishipa ya damu na neva zao, kama mtu aliyehama mtaa lakini namba ya simu hakubadilisha. Ndo maana mshipa wa damu wa ovari unatoka kwenye aota yenyewe, mshipa mkuu wa damu, karibu na L2, ndo maana saratani ya korodani inakimbilia tezi za limfu za kandokando ya aota na inaziruka zile za kinenani, na ndo maana mtu akipigwa mpira korodani anajishika tumbo. Figo nayo iko hapohapo T10 T11, majirani wa zamani. Ona sasa, umejibu maswali manne na daftari hujafungua.

Mtego wake ni huu. Swali likikwambia misuli ya T10 T11 imekaza upande wa kulia, mgongo peke yake haujui kama ni ovari au figo, anayejua ni mgonjwa. Mkojo una damu na maumivu yanashuka kinenani kwa mawimbi, hilo jiwe la figo. Binti siku zake zimepita wiki mbili, tumbo linamuuma upande mmoja, ana kizunguzungu, hiyo ni mimba nje ya kizazi mpaka vipimo viseme vingine, na hapo jibu linalosema umnyooshe mgongo ni la kukuingiza mkenge, mikono kaa nayo mfukoni piga simu chumba cha upasuaji. Mjamzito anayetoka damu bila sababu kujulikana, kondo lililobanduka, kifafa cha mimba, hao wote sheria ni hiyohiyo.

Kizazi chenyewe kiandike T10 mpaka L2, alafu kivute mstari wa pili chini mpaka S2, S3, S4. Hatua ya kwanza ya uchungu, mlango unapofunguka, maumivu yanapita T10 mpaka L1, mama anashika kiuno. Hatua ya pili mtoto anashuka, uke na msamba vinavutika, maumivu yanahamia S2 mpaka S4 kwa njia ya neva ya pudenda. Kwa hiyo ganzi ya pudenda, inayochomwa karibu na kile kimwiba cha mfupa wa nyonga unachokigusa kwa kidole ukiwa ndani, inamsaidia mama mwishoni tu wakati wa kusukuma, kule mwanzo haimfai kitu. Epidurali, ganzi ya mgongoni, inashika zote mbili. Na sindano inaingia L3 na L4 kwa sababu uti wa neva, ule wa ndani ya pingili, kwa mtu mzima umeshaishia L1 au L2, huko chini ni nyuzi za neva tu zinaelea. S2 mpaka S4 hiyohiyo ndo ya kibofu, na ya uume kusimama, samahani wazee mnaosoma, lakini mtihani unauliza.

Sasa goti, L4. Hapa nakusimulia kitu. Nikiwa mwanafunzi zamu ya usiku, alikuja mama mimba ya wiki 34, presha 170 kwa 110, kichwa kinampasuka, anaona vimulimuli. Akawekewa dripu ya magneziamu salfeti asipate kifafa cha mimba. Nesi mmoja mtu mzima akanipa kinyundo cha mpira akaniambia kila saa uje umgonge goti, ukikuta mguu haurushi uniite mimi kabla hujamwita mtu mwingine yeyote. Mwanzoni mguu ulikuwa unarusha mpaka unanitisha, maana ugonjwa wenyewe unaamsha neva. Saa tisa ukarusha nusu. Saa kumi nikagonga, kimya, nikasema labda nimekosa pahali, nikagonga tena, nikaenda goti la pili, mguu umelala kama wa mwanasesere. Nesi alifunga dripu hata sijamaliza sentensi, akahesabu pumzi, akainama kuangalia mfuko wa mkojo, mkojo wenyewe kiduchu mno. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima magneziamu, ilikuwa kwenye trei tangu jioni, aliiweka mwenyewe. Yule mama alipona na mtoto pia.

Ona kilichokuwa kwenye mfuko ule. Magneziamu inatoka kwa figo, figo zikilala inajaa kwenye damu, na ikijaa inaanza kuzima goti, alafu pumzi, moyo mwisho. Kwa hiyo goti linakupa muda. Uzazi ndo uliomleta, neva ndo iliyotuonya, na kinyundo kilikuwa mkononi mwangu. We utakuta swali hilo kwenye mtihani wa jumatatu, utalikuta tena alhamisi limebadilishwa nguo. Kumbuka tu kipimo, presha kuanzia 140 kwa 90 baada ya wiki 20, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba kiungo kingine kinaumia.

Juu kabisa ya karatasi chora kichwa, maana huko nako uzazi na neva wanalala kitanda kimoja. Mama hanyonyeshi lakini maziwa yanatoka, siku zake zimekatika, na siku hizi anagonga milango kwa bega, uvimbe wa pituitari huo, tezi ndogo chini ya ubongo, unatoa prolaktini, homoni ya maziwa, na umekandamiza neva za macho pale zinapopishana hivo anapoteza kuona pembeni, pande zote mbili za nje. Kijana ana miaka 17, sauti ya kitoto, ndevu hakuna, na ukimuuliza anakwambia hajawahi kusikia harufu ya pilau, huyo ni Kallmann, zile seli za kuamsha balehe zinaanzia puani zinasafiri na neva za harufu mpaka ubongoni, safari ikishindikana vyote viwili vinakosekana. Mama alitoka damu nyingi akijifungua sasa maziwa hayaji kabisa, hiyo ni Sheehan, pituitari ilikosa damu. Na binti wa chuo aliyeanza kuongea peke yake, kifafa, anachezesha mdomo, nyumbani wameshamwita mchungaji na mganga, mpige picha ya ovari pia, kuna uvimbe wa ovari unaoitwa teratoma ambao unaufanya mwili utengeneze silaha za kuushambulia ubongo wake wenyewe. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, ukishalielewa hulisahau tena.

Homoni za mwezi sikuchorei, we unazo. Shika moja tu, kwamba nusu ya pili ya mzunguko ndo haibadiliki sana, kama siku 14, mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake linatoka kama siku ya 21. Maswali ya hesabu yote yanalala hapo.

Mtihani wa mikono nao, nikwambie nilivyoaibika. Mtihani wangu wa kwanza nilimkuta mgonjwa T6 yake inazunguka vizuri kwenda kulia, kushoto inagoma, mi nikaandika jina la kushoto, na nikaendelea hivo kwa kila pingili, yani mgongo mzima wa mtu niliubatiza majina ya kinyume. Jina linatokana na upande inakoenda kirahisi. Matibabu ya kumwambia asukume ukiwa umemzuia, sekunde 3 mpaka 5, mara 3 mpaka 5, hayo unampeleka kule inakogoma. Andika hilo kwa kijani mara tatu. Sheria za Fryette, za jinsi pingili zinavyoinama na kuzunguka, nazo ni nyepesi ukisimama mbele ya kioo. Kundi la pingili likiwa limekaa sawa, likiinama kulia linazunguka kushoto. Pingili moja iliyokwama ikiwa imekunjwa mbele au nyuma, inainama na kuzunguka upande mmoja. Hiyo ni kifua na kiuno, shingo ina mambo yake, C2 mpaka C7 vinaenda upande mmoja siku zote, na ile ya kwanza na ya pili kati yao kazi yao ni kuzunguka tu. Kabla ya kugusa taja TART kwa sauti, tishu imebadilika, pande hazilingani, kiungo hakiendi, pakiguswa panauma. Mwalimu yule wa karatasi anatafuta maneno hayo. Na shingo ya mwenye baridi yabisi ya rumatoidi au mtoto mwenye ugonjwa wa Down, kuisukuma ghafla mpaka ialike ni marufuku, pale juu kifungo kimelegea.

Mambo ya kusikiliza mapigo ya fuvu kwa vidole, soma upate maksi. Mi binafsi baada ya miaka yote hii sijashawishika, na ushahidi wake ni dhaifu, lakini mtihani haukuulizi unaamini nini.

Uanze na lipi? Siku tatu za kwanza chora huo mgongo, usisome kingine. Baada ya hapo kila asubuhi maswali 40 kwa saa, yamechanganywa yote matatu, na daftari libaki moja tu la maswali uliyokosa, unaandika kwa nini ulidanganyika, jibu lenyewe lipo kitabuni. Jioni shika mgongo wa mtu. Na huko kulala saa nane kuamka kumi na moja acha leo, unachosoma saa saba usiku unakilipia mara mbili kesho yake.

Dada dokta, habari za kazi. Mwanangu wa kwanza amechaguliwa chuo cha DO, tumefurahi tumefanya na sherehe, sasa kuna mzee hapa kanisani Columbus anasema DO si daktari kamili, ni mkandaji wa viungo. Nimekosa raha. — Mama wa Dokta Mtarajiwa, Ohio

Pole dada, na hongera, mwaka huu nimepata barua kama hii tatu tayari. Mwanao akimaliza ataandika dawa, atafanya upasuaji akitaka, atazalisha, majimbo yote 50 ya Marekani yanamtambua sawa na MD. Mzee wako huenda ametokea Uingereza au ana ndugu huko, kule osteopathi ni fani nyingine, mtaalamu wa viungo asiyeandika dawa, jina moja kazi mbili. Aliyeanzisha huku ni Andrew Taylor Still, daktari mtoto wa mchungaji, mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliondoka na watoto wake watatu, akapoteza imani na dawa za enzi zile, zebaki na nyinginezo. 1874 akatangaza njia yake, 1892 akafungua chuo Kirksville, Missouri, na darasa la kwanza lilikuwa na wanawake ndani, wakati vyuo vingi havitaki hata kuwasikia. Alikosea mengi, aliamini mgongo unatibu karibu kila kitu, lakini vyuo vya leo vinafundisha udaktari wote na mikono juu yake. Mpikie mzee pilau yaishe.

Habari yako Shangazi. Mimi niko Nairobi, mwaka wa tano, sisomi osteopathi lakini neuro imenikalia shingoni, hasa kiharusi cha shina la ubongo. Nikiambiwa kidonda kiko wapi nabahatisha tu. — Mbahatishaji, Nairobi

Acha kubahatisha, hesabu. Neva za kichwa ni 12. Nne za mwisho, 9 mpaka 12, ziko chini kwenye medula. Nne za kati, 5 mpaka 8, ziko ponsi. 3 na 4 ziko ubongo wa kati, 1 na 2 ziko juu ya shina kabisa. Hapo ushajua ghorofa. Sasa chumba: 3, 4, 6 na 12, namba zinazoigawanya 12 bila baki ukitoa 1 na 2, hizo ziko katikati, zilizobaki ziko pembeni. Katikati ndo inapita njia ya nguvu za mikono na miguu, pembeni ndo inapita njia ya maumivu na joto.

Mzee amekuja, ghafla sauti imekwaruza, maji yanampalia, kope la kushoto limelegea, uso wa kushoto hausikii sindano na mwili wa kulia hausikii sindano, mikono ina nguvu zake zote. Sauti na kumeza ni 9 na 10, kwa hiyo medula, 10 haigawanyi 12 kwa hiyo pembeni, nguvu zipo kwa hiyo katikati pamepona. Medula ya kushoto pembeni. Angekuja ulimi umepinda kushoto na mkono wa kulia hauna nguvu, ni 12, medula ileile lakini katikati. Neva inaumia upande wa kidonda, mwili unaumia upande wa pili, ukiona uso na mwili vinapishana hivo jua uko kwenye shina. Na kabla hujafika huko, uso ukipinda mwambie anyanyue nyusi, paji likikunjana pande zote tatizo liko juu ubongoni, lisipokunjana upande ule neva yenyewe ya saba ndo imeumia.

Shangazi kwa kifupi tu, DO afanye COMLEX peke yake au na USMLE? — Mwenye Haraka, Texas

Kwa kifupi, COMLEX, mtihani wa leseni wa DO, ni lazima, USMLE, ule wa MD, ni hiari. Hatua ya kwanza ya zote mbili tangu 2022 unapewa umefaulu au umefeli, hamna alama ya kuringia. Wahitimu wa DO na MD sasa wanaomba nafasi za mafunzo kwenye mfumo mmoja tangu 2020, ila vituo vingine vya mafunzo bado vinataka kuona USMLE, hasa fani zenye ushindani kama upasuaji wa ubongo. Angalia fani unayotaka kwanza, alafu pesa, maana mitihani hii si ya bei ya soko la Kariakoo.

Shikamoo shangazi. Nafanyia mazoezi mgongo wa mume wangu kila jioni, sasa amegoma, anasema namuamsha misuli kisha namuacha katikati naenda kuangalia kitabu. Nifanyeje? — Mke wa Mgonjwa, Minneapolis

Marahaba, na mumeo ana haki. Ile njia ya kulegeza msuli uliokaza unatakiwa kutafuta pahali panapouma, umkunje mpaka maumivu yapungue sana, ushike sekunde 90 bila kuachia kidole, ubavuni 120, alafu umrudishe polepole mwenyewe asisaidie. We unamkunja sekunde 20 unaenda kitabuni. Tega simu kengele ya sekunde 90, kitabu kiweke mbele ya macho yako ukutani, na usianze kabla hajala. Wangu alikuwa anakubali tu nikiwa nimeshasonga ugali.